Kozi ya sheria ya kiangazi ng'ambo: mwongozo kamili wa maandalizi

Kozi ya wiki 3 ina siku 15 za darasa. Ukipoteza siku 3 kwa kutafuta laini ya simu, kuzozana na benki na kusubiri begi lililobaki njiani, sehemu ya tano ya masomo imekwenda na maji. Anayekwenda ng'ambo kwa mwaka mzima ana muda wa kukosea na kurekebisha. Wewe huna. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye miezi ya kabla ya safari, kwa sababu huko ndiko kozi hizi hufaulu au kuharibika.

Nikisema kiangazi nakusudia Juni hadi Agosti, upande wa kaskazini wa dunia, ambako nyingi za kozi hizi hufanyika.

Miezi tisa kabla: jua unaomba kitu gani

Jina "kozi ya kiangazi" linabeba vitu vitatu tofauti, na wengi huomba bila kuvitenganisha.

Kuna mihadhara ya kitaaluma inayokupa elimu, cheti cha kuhudhuria na watu wa kufahamiana nao, lakini si lazima ikupe krediti. Mfano maarufu ni Akademia ya Sheria za Kimataifa ya The Hague, Uholanzi, inayofundisha tangu 1923 katika Jumba la Amani. Ina wiki 3 za sheria za kimataifa za umma na wiki 3 za sheria binafsi za kimataifa, kwa Kiingereza na Kifaransa. Aina ya pili ni kozi za vyuo vikuu zenye mtihani na krediti. Ya tatu ni programu ambayo kitivo kimoja cha sheria huihamishia nchi nyingine kwa majuma kadhaa, pamoja na wahadhiri wake. Vyuo vya Marekani huzipenda sana hizi.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, andika kwenye karatasi unachotaka kurudi nacho: krediti, jina kwenye wasifu wako, somo ambalo chuo chako hakifundishi, au kuonja tu maisha ya kwingine. Hata hilo la mwisho ni sababu halali. Ila anayetaka krediti akaenda kwenye mihadhara isiyo na mtihani atarudi na picha nzuri na pengo kwenye matokeo yake. Maombi ya ufadhili nayo hufungwa mapema kuliko maombi ya nafasi, wakati mwingine kwa miezi. Weka tarehe hizo mbili kando kando kwenye kalenda, usizichanganye.

Krediti: barua ya kwanza hutoka chuoni kwako

Watu hukimbilia viza. Mimi ningeanza na ofisi ya mkuu wa kitivo. Nilipokwenda mara ya kwanza niliridhika na neno la mdomo: "Nenda tu, tutakuhesabia." Niliporudi, aliyesema neno hilo alikuwa amehamia idara nyingine, na mrithi wake alitaka kuona saa za darasa, orodha ya usomaji na namna ya mtihani. Sikuwa nimehifadhi hata kimoja. Kozi ile haikuhesabiwa.

Omba idhini ya maandishi kabla hujalipa hata senti. Barua itaje jina la kozi kama lilivyo kwenye tangazo, idadi ya krediti zitakazokubaliwa, kozi ya nyumbani itakayosamehewa kama ipo, na jinsi alama zitakavyogeuzwa. Uliza hasa kuhusu kozi za "amefaulu/hakufaulu", kwa kuwa vitivo vingi havizipokei kama kozi zenye alama.

Hesabu ya krediti yenyewe ina mtego. Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS, krediti 1 ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, si saa za kukaa darasani peke yake. Chukua kozi ya krediti 3: ni saa 75 hadi 90. Tangazo linasema darasa ni saa 30. Zile 45 hadi 60 zilizobaki ziko wapi? Ziko kwenye usomaji, insha na maandalizi ya mtihani. Kama chuo chako huhesabu saa za darasa tu, kitaona 30 na kukupunguzia. Utakachoweka mezani ni muhtasari wa kozi wenye orodha ya usomaji na maelezo ya mtihani. Upakue siku unayokubaliwa, maana kurasa za kozi huondolewa msimu ukiisha.

Kama una mpango wa kusajiliwa uwakili, uliza pia chombo kinachosimamia taaluma hiyo mahali unapotarajia kufanya kazi. Swali ni moja tu: kozi hii inahesabika kwenu au haihesabiki?

Miezi mitano hadi mitatu kabla: pasipoti na viza

Fungua pasipoti leo. Usitazame tarehe ya mwisho peke yake. Tazama pia ilitolewa lini na kurasa tupu zimebaki ngapi. Kwa viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka katika eneo hilo, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa 2 tupu. Nchi nyingine hudai miezi 6.

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu kusogeza hadi 45. Kuna foleni ya miadi juu ya hapo, ambayo hakuna sheria inayoibana. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ikigusa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Viza hiyo ina kikomo cha siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo ukiwa uliingia Ulaya majira ya kuchipua, hesabu siku zako.

Marekani hutazama saa. Masomo ya saa 18 au zaidi kwa wiki huhitaji viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo haiombwi kabla chuo hakijakutumia fomu I-20. Ukiwa nayo huwezi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya kozi kuanza. Kozi fupi ya kujifurahisha, isiyo na krediti na iliyo chini ya saa hizo, inaweza kupita kwa viza ya matembezi. Uingereza humruhusu mgeni wa kawaida kusoma hadi miezi 6 katika chuo kilichoidhinishwa. Kila mahali, jihadhari na maneno "mafunzo kazini": wiki 2 za kukaa kwenye ofisi ya mawakili, hata bila malipo, zinaweza kubadilisha aina ya viza unayotakiwa kuomba.

Faili lenyewe liandae kama hati ya madai: kila sentensi na kielelezo chake. Nimewahi kusaidia kupitia faili la mwenzangu ambalo kila karatasi peke yake ilikuwa safi. Barua ya chuo ilisema kozi inaisha tarehe 26 Julai. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya tarehe 9 Agosti. Bima iliishia tarehe 26. Uhifadhi wa chumba uliishia tarehe 27. Yeye alikuwa na jibu zuri: angekaa kwa shangazi yake siku hizo. Lakini hakuna karatasi iliyomtaja shangazi, na afisa hasomi mawazo. Tuliongeza barua ya mwaliko, tukasogeza bima, na kwenye barua ya maombi tukaandika aya moja kuhusu siku zile 14. Panga karatasi zako zote mezani, chukua kalamu nyekundu, zungushia kila tarehe. Zisipokubaliana, una kazi ya kufanya.

Swali lililo nyuma ya maswali yote ni: atarudi? Barua ya kitivo inayosema umesajiliwa na muhula ujao unaanza tarehe fulani hujibu vizuri kuliko kurasa tatu za ahadi.

Ukinyimwa viza ya Schengen, utapewa fomu inayotaja sababu, na una haki ya kukata rufaa dhidi ya nchi iliyoamua. Isome fomu hiyo kama unavyosoma hukumu. Mara nyingi maombi mapya yenye kielelezo kilichokosekana huenda haraka kuliko rufaa.

Mengine mawili, kwa ufupi. Angalia kama uwanja wa ndege utakaobadilishia ndege unadai viza ya transiti. Na kama chuo kinataka vyeti vilivyothibitishwa, uliza kama nchi yako imo katika Mkataba wa Apostili wa 1961. Ikiwa imo, muhuri mmoja unatosha. Ikiwa haimo, karatasi itapita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na hizo ni wiki, si siku.

Pesa

Ada ya kozi ni mwanzo tu. Weka kwenye jedwali chumba na amana yake, bima, viza, nauli ya kila siku, vitabu, na safari za kutembelea mahakama, ambazo baadhi ya programu huzitoza kando. Ufadhili nao uulizie siku hasa fedha zinapotolewa. Mara nyingi ni baada ya kufika na kusajiliwa, kwa hiyo uwe na ya kukutosha siku 10 za kwanza kutoka mfukoni mwako.

Beba kadi mbili za benki mbili tofauti, na usiziweke pochi moja. Iarifu benki tarehe za safari. Mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya nyumbani kwako, kataa. Chagua sarafu ya pale ulipo. Ile huruma ya mashine huwa na kiwango kibaya cha kubadilisha fedha.

Afya

Kama njia yako inapitia nchi zinazodai chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yako yote. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la kikemikali, si la kibiashara tu. Usidhani dawa ya kikohozi ni ya kawaida kila mahali: Japani hukataza zenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoefedrini, na zenye kodeini huhitaji kibali katika nchi kadhaa. Mvaaji miwani abebe ya akiba.

Wiki sita kabla: soma sheria ya ugenini kwa mkono wako

Kosa la wanafunzi hodari ni kufika wakiwa wamesoma historia ndefu ya nchi na hawajawahi kusoma hukumu yake hata moja. Mimi ningefanya zoezi dogo ambalo linachukua jioni tatu.

Chukua swali moja: mtu akimdhuru mwenzake bila mkataba baina yao, analipa kwa msingi gani? Jioni ya kwanza, soma ibara ya 1240 ya Kanuni ya Madai ya Ufaransa. Ni sentensi moja: kitendo chochote cha mtu kinachomletea mwingine madhara kinamlazimu aliyekosea kuyafidia. Sentensi hiyo iko tangu 1804. Ilikuwa ibara ya 1382 hadi marekebisho ya 2016, ndiyo maana vitabu vya zamani vina namba nyingine. Jioni ya pili, soma kifungu cha 823 cha kanuni ya Ujerumani, BGB, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900. Mjerumani hakukubali upana ule. Anataja: uhai, mwili, afya, uhuru, mali, au haki nyingine ya namna hiyo. Jioni ya tatu, soma hukumu ya Uingereza ya Donoghue v Stevenson ya 1932, ambako hakuna ibara kabisa. Kuna mwanamke, chupa ya kinywaji, madai ya konokono ndani yake, na majaji waliogawanyika 3 kwa 2 juu ya nani ni jirani yako kisheria.

Ukimaliza utakuwa umeonja kwa ulimi wako tofauti ambayo mhadhiri ataizungumzia wiki nzima. Utajua pia mahali pa kuweka macho: kwa Mfaransa, kwenye maneno ya ibara na namna mahakama zilivyoyanyoosha, kwa Mwingereza, kwenye mambo ya kesi.

Kama kozi yako ni ya sheria za kimataifa, ibara ya 38 ya Katiba ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ndiyo mlango. Iandike kwa mkono. Na usichanganye mahakama: ile ya Haki (ICJ) huamua kesi za nchi na nchi na iko Jumba la Amani, ile ya Jinai (ICC) huwashtaki watu binafsi, ilizaliwa na Mkataba wa Roma wa 1998 na ina jengo lake mbali na hapo. Kila kiangazi kuna mtu aliyevaa suti anayefika kwenye lango lisilo lake.

Tengeneza pia daftari la istilahi, maneno 60 hivi, kwa lugha ya kufundishia. Usiandike tafsiri tu. Andika neno linafanya kazi gani. Mwisho, nywila ya maktaba ya chuo chako inaweza kugoma ukiwa mbali, basi pakua makala unayohitaji mapema. Hukumu nyingi ziko bure: EUR-Lex kwa sheria za Umoja wa Ulaya, HUDOC kwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, BAILII kwa Uingereza, Légifrance kwa Ufaransa.

Mahakama nazo huenda likizo

Vipeperushi huahidi "kutembelea mahakama", lakini kiangazi ndio msimu ambao majaji wakubwa hufunga mafaili. Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani humaliza kutoa hukumu mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai na hurudi Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Ile ya Uingereza hufunga muhula mwishoni mwa Julai. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, huingia likizo katikati ya Julai. Ukifika Agosti utaona ukumbi mzuri na viti vitupu.

Basi pakua kalenda ya kila mahakama kabla ya kupanga siku zako za mapumziko, na uweke ziara wiki ya kwanza. Likizo ikikuwahi, nenda mahakama za chini, hasa za jinai. Mahabusu hawangoji Oktoba, na huko utajifunza mengi kuliko kwenye ukumbi wa marumaru. Beba kitambulisho, fika mapema, zima simu. Uingereza na Wales kupiga picha mahakamani ni kosa chini ya sheria ya 1925, na kurekodi sauti bila ruhusa ni kudharau mahakama. Itakuwa njia mbaya ya kuanza uwakili.

Begi

Suti moja yenye rangi ya giza na viatu ulivyokwisha vizoea miguuni. Kompyuta, dawa, vyeti na nguo za siku moja vikae kwenye begi la mkononi. Pawabenki pia huenda mkononi, si kwenye mzigo, na isizidi wati-saa 100 bila ruhusa ya shirika la ndege. Hesabu yake: mAh mara volti, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Soma maandishi madogo kwenye chaja yako: ikisema 100–240V unahitaji adapta ya plagi tu, hata Marekani yenye volti 120.

Begi likipotea, usitoke ukumbini bila ripoti ya maandishi yenye namba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Usipofika kabisa siku 21 zikapita, unaweza kuudai kama uliopotea. Kikomo cha fidia, tangu Desemba 2024, ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria, na kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2. Hifadhi risiti ya kila soksi utakayolazimika kununua.

Ukishafika

Fika siku 2 au 3 kabla ya darasa. Siku ya kwanza laini ya simu na kadi ya usafiri, ya pili tembea njia ya chumbani hadi darasani kwa saa ileile utakayoitumia. Jiandikishe ubalozini kwako kama huduma hiyo ipo, na uandike namba ya dharura kwenye karatasi, si kwenye simu tu.

Ukikamatwa, kwa haki au kwa makosa, omba ubalozi wako ujulishwe. Hiyo ni ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonseli wa 1963. Kwenye kesi ya LaGrand ya 2001, Ujerumani dhidi ya Marekani, ICJ ilisema ibara hiyo inampa haki mtu mwenyewe, si nchi yake tu. Ni moja ya kesi chache utakazosoma darasani ambazo zinakuhusu wewe uliyekaa kwenye kiti.

Kabla ya kurudisha ufunguo wa chumba

Siku tatu za mwisho huliwa na mtihani na maagano, kwa hiyo haya yafanye wiki moja kabla. Kama utahitaji barua ya pendekezo, mwombe mhadhiri akiwa bado anakumbuka uso wako na swali uliloliuliza, na umpe aya fupi ya kumkumbusha. Uliza ofisi ya kozi matokeo yatatoka lini, nani huyatuma, na kama yanaweza kwenda moja kwa moja kwa msajili wa chuo chako. Andika anwani ya msajili mwenyewe, usiwaachie wakisie. Kisha mwombe karani akuonyeshe jina lako lilivyo kwenye kompyuta yao, na ulilinganishe na pasipoti herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule.